Nusu ya Picha

Kompyuta mpya ilimwaibisha fundi Nyanzala mbele ya wafiwa.

Aliifunga mahali pake jana yake alasiri, akaiunganisha na Kioo, akaona taa zimewaka, akafunga mlango akiamini kazi imekwisha. Kioo kilikuwa skrini iliyochukua ukuta mzima wa Nyumba ya Kuagia pale Bulyasela. Kilikuwa cha miaka mingi, lakini kisafi kiasi kwamba wafiwa walizoea kuinuka kwenye benchi na kwenda kugusa mashavu ya watu waliokwisha kuzikwa. Asubuhi hii maandishi yaliyotokea juu yake yalikuwa manene kama mikate, kingo zimetafunwa, na nembo ya mgodi iliyopaswa kuwa duara ilikuwa imelala ubavu kama yai.

"Ndivyo inavyotakiwa kuwa?" Msajili Kihwelo alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Jana ilikuwa sawa," alisema Nyanzala. Jana hakuwa ameijaribu.

Kihwelo alilitazama benchi la mbele. Walikaa watu wawili tu: Mama Holo, mwanamke wa miaka sitini na ushei aliyejitanda kanga nyeusi, na mwanawe wa kiume, Ndaki. Wiki tatu zilizopita tabaka la sita la mgodi wa mawe ya betri liliporomoka na watu kumi na mmoja. Aliyetoka hai alikuwa Ndaki peke yake. Dada yake, Holo, ambaye ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, alitolewa siku ya nne akiwa maiti.

"Wametoka kwao alfajiri," alisema Kihwelo. "Tuanze hivyo hivyo."

Alisimama mbele ya Kioo, akasoma hati kama alivyozoea kusoma kwa kila mfiwa, bila kupandisha wala kushusha sauti. "Kumbukumbu ya Holo binti Malale, mchimbaji wa tabaka la sita. Dakika kumi za mwisho, kama zilivyoandikwa na mboni yake. Hazina sauti. Zinafunguka mara tatu kwenye Kioo hiki na si kwingine. Mara ya kwanza na ya pili ni za familia, kwa kuwa mara ya kwanza wengi hulia wasione. Mara ya tatu ni ya kufungia daftari, kisha zinajifuta. Kitakachoonekana ndicho kilichotokea. Mmekubali?"

"Tumekubali," alisema Mama Holo. Ndaki alitikisa kichwa tu.

Mboni ilikuwa utando mwembamba uliowekwa nyuma ya jicho la kila mchimbaji siku aliyoajiriwa, ulioandika kila alichokitazama na uliosomeka akishakufa tu. Nyanzala alikuwa nazo zake pia. Siku hizi watu walizihisi kama wanavyohisi meno yao, yaani hawakuzihisi kabisa.

Giza lilitanda ukutani. Katikati ya giza palikuwa na waa la njano, labda taa ya kofia, na kando yake rundo la vijivujivu lililokuwa likicheza kila Holo alipopepesa. Kwa muda mrefu hapakuwa na kingine. Kisha kivuli kiliinama kutoka juu, kikubwa, kisicho na uso, kikanyoosha kitu kama mkono. Ule mkono ukaja mpaka mbele kabisa ya picha, ukatulia hapo. Ukarudi, ukaja tena. Mwishoni kile kivuli kikakaa chini karibu sana na hakikuondoka, hadi ukuta mzima ukawa mweusi.

Mama Holo hakulia. Alikuwa amesimama bila mwenyewe kujua.

"Ameshikwa," alisema. "Mmeona? Mwanangu hakufa peke yake, kuna mtu amemshika mpaka mwisho." Alimgeukia Ndaki. "Ni nani yule?"

"Sijui, mama."

"Si mlikuwa tabaka moja?"

"Sikumbuki, mama. Palikuwa na vumbi."

"Basi mimi nitamjua." Akamwendea Nyanzala, akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vikavu kama gome. "Mwanangu fundi, nisafishie hiyo picha. Huyo mtu amekufa naye yuko kaburini, lakini ana mama mahali fulani. Nataka niende nikapige magoti kwa huyo mama. Nitakuja mara ya pili leo leo, ukinisafishia."

"Nitaisafisha, mama," alisema Nyanzala.

*

Tatizo lenyewe lilikuwa la kawaida, na ndiyo sababu lilimkera.

Skrini na kompyuta zikikutana kwa mara ya kwanza husalimiana. Skrini hujitaja kupitia waya: mimi ni fulani, nina nukta kadhaa kwa upana na kadhaa kwa urefu. Kompyuta ikisikia, hupeleka picha ya kiasi hicho. Isiposikia haiulizi tena. Hudhani imefungiwa skrini ya kimaskini kuliko zote duniani na kupeleka picha ya kimaskini, na skrini kubwa, kwa utii wake, huivuta ile picha ndogo ijaze ukuta. Nyanzala alifungua mipangilio. Pale palipopaswa kuwa na orodha ndefu palikuwa na mstari mmoja: 800 kwa 600. Kioo chake kilikuwa na nukta 3840 kwa 2160.

Alipiga magoti nyuma ya kabati na tochi mdomoni. Kosa la kwanza lilikuwa lake mwenyewe. Jana, kwa haraka, alichomeka waya kwenye tundu la pembeni la kompyuta na si kwenye tundu la kadi ya picha. Akauhamisha. Kosa la pili ni kwamba kadi haikuwa na draiva, ile programu inayoifundisha kompyuta namna ya kuitumia kadi yake yenyewe. Akaipakia kutoka kwenye ghala la mgodi, akangoja mstari wa kijani ujae, akazima, akawasha.

Orodha sasa ilikuwa na mistari mitatu. Wa juu kabisa ulisema 1280 kwa 720. Nembo ilirudi kuwa duara, maandishi yakasomeka. Lakini mistari iliishia hapo, naye alijua sababu. Plagi ya Kioo ilikuwa ya zamani, pana, na matundu ya kompyuta mpya yalikuwa membamba. Katikati yake alikuwa ameweka adapta, kidude kidogo kama kidole gumba, ambacho hakikuwa na uwezo wa kupitisha zaidi ya hapo. Ni kama mtu aliyejaa maneno kumkabidhi salamu zake mtoto mwenye kigugumizi.

Alimpigia Kihwelo. "Nahitaji waya mzima usio na adapta."

"Upo ghala kuu. Unakuja na gari la saa kumi."

"Na hii iliyopo je?"

"Mimi si fundi," alisema Kihwelo. "Ukisema inatosha, inatosha."

Kila kumbukumbu ilikuwa na picha ya jalada, picha moja iliyotulia ambayo mashine huichagua yenyewe, na kuitazama hakuhesabiwi kuwa kufungua. Nyanzala aliiweka Kiooni ili apime.

Kivuli sasa kilikuwa na uso. Kilikuwa na nyusi zilizokutana katikati na jeraha jipya kwenye shavu la kushoto, jeraha lile lile alilokuwa amelitazama asubuhi likiwa limeanza kufunga kovu. Ni Ndaki aliyeinama juu ya dada yake. Mkono wake wenye glavu ya njano ulikuwa umeng'ang'ania mkanda wa barakoa ya pumzi ya Holo, pale chini ya jicho, ukingoni mwa picha, na barakoa yenyewe ilikuwa imeshaachana na uso.

Nyanzala alikaa chini sakafuni palepale alipokuwa.

Chini ya ardhi kila mtu alipewa barakoa moja yenye pumzi za saa sita. Kosa la kumvua mwenzako lilikuwa na adhabu moja tu, nayo kila mtoto wa Bulyasela aliijua: tabaka la kumi. Lifti ya huko hushusha watu na kupandisha mawe.

*

Ndaki alikuja saa tano, peke yake. Alisimama mlangoni hadi alipoambiwa aingie.

"Mama yuko nyumba ya wageni," alisema. "Anapika michembe ya viazi vikavu ya kukuletea. Dada, nimekuja kukuomba jambo."

"Sema."

"Iache kama ilivyokuwa asubuhi. Mwambie kompyuta imeshindikana. Anaamini Holo alishikwa mkono."

"Na wewe unajua alivyofanywa," alisema Nyanzala. Aligeuka akabonyeza kitufe, na uso wa Ndaki ukajaa ukutani, mkubwa kuliko mlango.

Ndaki aliutazama uso wake mwenyewe. Hakushtuka wala hakurudi nyuma. Kilichomtoka ni sauti ndogo puani, kama mtu aliyeguswa kidonda.

"Alishikwa kweli," alisema. "Nilimshika hadi akapoa."

"Baada ya kumvua."

"Alinipa."

"Kila anayechukua husema alipewa."

"Barakoa yangu ilipasuliwa na jiwe. Yeye alikuwa amebanwa kuanzia kiunoni, akaniambia hatoki pale hata wakija. Nilikataa, akanitukana. Unamjua Holo? Humjui." Alijifuta uso kwa bega. "Mimi sikuulizi kama unaniamini. Nimetoka nayo usoni, wote walioniokoa waliona nimevaa mbili, moja imepasuka. Nilisema nimeiokota. Sikutaka mama ajue aliyeishi ameishi kwa pumzi za nani. Angekuwa ananitazama kila siku na kuhesabu."

"Picha ndiyo itakayosema," alisema Nyanzala.

Ndaki alisogea karibu na Kioo, akainua mkono kama anayetaka kugusa kitu pale ukingoni, penye weusi wa mkanda. Akaushusha.

"Huu ndio mwisho wa ubora wake?"

"Kuna waya unakuja saa kumi. Utaongeza."

"Utaongeza sana?"

"Mara tatu kwa upana, tatu kwa urefu."

"Basi subiri," alisema Ndaki. "Kama huwezi kumwachia ukungu, dada, mwonyeshe yote. Usimwonyeshe nusu. Subiri saa kumi tu."

Nyanzala alimtazama. Gari linaloleta vitu kutoka ghala kuu saa kumi ndilo hilo hilo linalogeuza kwenda mjini saa kumi na nusu, na dereva wake alikuwa akipakia yeyote anayemwomba. Akilini alimwona Ndaki akiwa juu ya magunia, akiiacha Bulyasela nyuma, na mama yake amekaa benchini akiulizia mwanawe yuko wapi.

Nyanzala hakuwa mtu mbaya, na siku ile aliamini kwa moyo wote kwamba anatenda haki. Baba yake alikufa kabla ya sheria ya mboni, alikutwa kisimani. Watu saba walisimulia kifo hicho kimoja kwa namna saba, na ya saba ndiyo iliyopendwa, ile iliyomfanya mama yake aitwe mchawi na kufukuzwa kwao akiwa na watoto wanne na kuku mmoja. Tangu utoto Nyanzala alijiambia: laiti pangekuwa na picha. Sasa zilikuwepo. Watu walirithi kwa picha, walihukumiwa kwa picha, na neno la mdomo halikusimama tena mbele ya msajili yeyote nchini. Yeye aliliona hilo kuwa jambo jema kuliko yote yaliyotokea maishani mwake.

"Mlete mama saa saba," alisema.

"Dada."

"Saa saba, Ndaki. Usipokuja naye nitamfuata mwenyewe."

*

Mama Holo aliingia na bakuli la michembe lililofunikwa sahani. Aliliweka juu ya kabati la kompyuta, akakaa. "Baadaye utakula," alimwambia Nyanzala. "Kwanza nimwone huyo mtu."

Kihwelo alifungua daftari. Nyanzala aliitazama picha ya majaribio kwa mara ya mwisho: duara lilikuwa duara. "Inatosha," alimwambia, na Kihwelo akaandika kwamba fundi ameridhika.

Kumbukumbu ikafunguka mara ya pili.

Sasa waa la njano lilikuwa taa, na rundo la vijivujivu lilikuwa miamba iliyolala juu ya miguu ya Holo. Miguu yenyewe haikuonekana. Vumbi lilikuwa likishuka polepole kama unga kwenye chekeche. Kisha Ndaki aliinama kutoka gizani, uso wazi, mdomo ukihema, barakoa iliyopasuka ikining'inia shingoni mwake.

Mama Holo alivuta hewa, halafu akawa haitoi.

Glavu ya njano ilikuja mbele, ikashuka chini ya jicho, kwenye weusi wa mkanda. Ikavutana na kitu. Ikarudi, ikaja tena kwa nguvu zaidi, na kingo za barakoa zikatoka kwenye ukingo wa picha. Picha ikaanza kuyumba, weusi ukaifunika kwa muda. Ndaki alionekana na barakoa ya dada yake usoni, ameivaa sawasawa, mikanda imefungwa. Kisha akakaa karibu naye, akiuangalia uso wake, akiuangalia tu, kama mtu anayengoja chungu kichemke. Ukuta ukawa mweusi.

Nje jenereta la mgodi lilibadilisha mlio na kurudi lilivyokuwa.

"Ni wewe," alisema Mama Holo.

"Ni mimi, mama."

"Ulivaa."

"Nilivaa." Ndaki alikuwa amepiga magoti tayari, bila kuambiwa. "Alinipa, mama."

"Nimeuona mkono wako, Ndaki. Mkono wake sikuuona."

"Ulikuwepo."

"Wapi?" Mama Holo alinyoosha kidole kwenye ukuta mweusi. "Nimekaa hapa na macho yangu. Mkono wa mwanangu uko wapi akikupa?"

Ndaki alimtazama Nyanzala. Hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mtu anavyoitazama saa ya ukutani. Kisha akainamisha kichwa.

"Holo alikubeba mgongoni mimi nikiwa kondeni," alisema mama yake. "Alikutafunia chakula. Amekuombea kazi kwa watu wanaomdharau. Na wewe umekaa hapo kitako, ukamtazama anakufa, ukiwa umevaa pumzi zake." Alijifunga kanga upya, vidole vikikosa fundo mara mbili. "Kwangu hutavua viatu tena. Jina la baba yako ulirudishe. Ukifa, wasinitafute."

Ilipofika hapo Kihwelo alikuwa ameshapiga kengele ya askari. Alifanya hivyo bila hasira, kama alivyosoma hati. Walikuja wawili. Ndaki aliinuka mwenyewe, akatoa mikono. Mlangoni alisimama, na askari wakamruhusu asimame, lakini mama yake alikuwa ameshampa mgongo.

Lifti ya tabaka la kumi ilikuwa ikishuka saa tisa kila siku.

*

Waya ulifika saa kumi na dakika kumi, umezungushwa kwenye karatasi, mnene kama kidole cha mguu. Nyanzala aling'oa adapta, akachomeka waya upande huu na upande ule. Kioo kilizimika, kikawaza, kikawaka. Orodha ya mipangilio ilijaa ukurasa mzima, na juu kabisa palisimama 3840 kwa 2160. Kompyuta na skrini zilikuwa zimesalimiana.

Ilibaki kufunga daftari. Kihwelo alikuwa amekwenda kusaini karatasi za Ndaki, akamwachia fundi kazi hiyo, kwani mara ya tatu ilikuwa ya desturi tu. Mtu hukaa, hutazama, huweka alama kwamba kumbukumbu haina kasoro, nayo hujifuta. Nyanzala alibonyeza, akajiegemeza kitini.

Vumbi halikuwa unga tena, kila chembe ilishuka peke yake. Aliona mikwaruzo kwenye miamba. Aliona Ndaki akiinama, na kwamba macho yake yalikuwa yamejaa machozi yaliyochora njia mbili safi kwenye masizi. Glavu ya njano ikashuka chini ya jicho.

Chini ya glavu, juu ya weusi wa mkanda, palikuwa na vidole.

Vilikuwa vyeusi kwa vumbi la mawe, vyeusi kama mkanda wenyewe, na ndiyo maana vilikuwa vimemezwa. Vidole vya mwanamke, kucha fupi, ukucha mmoja umeng'oka. Vilikuwa vikifungua kifungo cha mkanda. Glavu ilikuwa ikivisukuma ili ikifunge tena. Mara ya kwanza glavu ilishinda, barakoa ikabanwa usoni pa Holo. Vidole vikaipiga glavu kofi, vikarudi kwenye kifungo, vikakifungua, vikaishika barakoa na kuiinua hadi kwenye uso wa Ndaki. Ndaki alikuwa akitikisa kichwa kulia na kushoto. Mikono ile miwili myeusi ilimkamata nyuma ya kichwa, ikamfunga mikanda, wa juu kisha wa chini, ikaikaza kwa nguvu kama mtu anayemvisha mtoto shati la shule. Baada ya hapo ikaanguka. Glavu ya njano iliuokota mkono mmoja, ikaukumbatia. Hilo la mwisho lilikuwa pembeni kabisa mwa picha; asubuhi Mama Holo alikuwa amelikisia kwenye ukungu, na mchana lilikuwa limemezwa na giza.

Ukuta ulipokuwa mweusi Nyanzala aliruka kwenye kibodi. Alibonyeza kitufe cha kusitisha, akabonyeza tena. Akang'oa waya wa umeme ukutani. Kompyuta ilikuwa na betri yake yenyewe, ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa, ikaendelea na kazi bila kujali. Alipourudisha waya, Kiooni palikuwa na mstari mmoja safi, maandishi membamba mazuri: *Kumbukumbu imefungwa. Hakuna kasoro.*

*

Kihwelo alimsikiliza hadi mwisho, kalamu mkononi.

"Ulishasema inatosha," alisema. "Nimeandika."

"Nilikosea."

"Nakuamini, Nyanzala. Lakini nikienda kwa mkuu wa mgodi nikamwambia fundi ameona vidole, ataniuliza viko wapi. Nitamwambia viko mdomoni mwa fundi." Alifunika kalamu. "Na ameshashuka. Tangu saa tisa. Hata mimi nikitaka, ile lifti naiambia nini?"

Kwa hiyo Nyanzala alikwenda nyumba ya wageni. Jua lilikuwa bado kali ukutani. Mama Holo alikuwa ameketi kwenye mkeka kibarazani, bakuli la michembe mbele yake, lile lile la mchana, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kulila naye alikuwa amelichukua akaliongezea karanga. Gari la kumrudisha kwao lilikuwa la kesho.

Nyanzala alimwambia yote. Hakujificha. Alisema juu ya adapta, juu ya waya, juu ya Ndaki kuomba asubiriwe na yeye kukataa. Alisema juu ya vidole, kofi, mikanda miwili, wa juu na wa chini.

Mama Holo aliyasikiliza yote bila kumkatiza. Yalipokwisha aliukuna ukingo wa mkeka kwa ukucha.

"Asubuhi," alisema, "nilikuwa na mtoto aliyekufa ameshikwa mkono, na mwingine yuko karibu yangu. Saa saba nikawa na aliyeuawa na aliyeua. Nikamaliza. Nimemtoa moyoni, mwanangu, nimemtoa na mizizi. Sasa umekuja kuniambia nimemtupa shimoni mtoto asiye na kosa, ambaye dada yake alikufa ili aishi." Alimtazama usoni. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Hiyo picha iko wapi, niione?"

"Imejifuta, mama."

"Kwa hiyo ni maneno."

"Ni maneno, mama."

"Una hakika ulichokiona?"

Nyanzala alifungua mdomo. Alimwona mwanamke huyo jinsi alivyoshika mkeka, kama mtu anayeshika ukingo wa kisima kwa vidole. Neno moja lingemwangusha, na huko chini lisingemwinua mtu yeyote. Ndaki hangepanda. Hangejua hata kwamba limesemwa.

"Kulikuwa na giza, mama," alisema. "Na vumbi. Huenda sikuona vizuri."

Mama Holo alishusha mabega. Ilikuwa kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Nilidhani hivyo," alisema. "Umechoka tu, tangu asubuhi hujala. Kaa." Akasogeza bakuli katikati yao, akammiminia maji ya kunawa. "Huyo mtoto nimemzaa mimi, namjua. Tangu zamani alikuwa hivyo. Siku tukichinja, Holo alikuwa akimwachia fungu lake la nyama, yeye analipokea na kula mpaka mfupa, hana hata asante. Mtu wa namna hiyo ungemtegemea nini?"

Nyanzala alinawa, akachukua kipande cha michembe, akakitafuna taratibu.

"Kweli, mama," akaitikia.